Malengelenge Mdomoni Mwangu

Kwetu mtu akiugua homa kisha akatokwa na malengelenge pembeni mwa mdomo, watu wa nyumbani walipumua. Walisema homa imepata mlango, sasa inatoka. Mama yangu mzazi alikuwa akitushika kidevu asubuhi, baada ya siku mbili tatu za kutetemeka, akatugeuzia uso kwenye mwanga. Akiona vile vipele vya maji vimesongamana kama punje za ulezi, alikwenda jikoni kwa moyo mwepesi kutupikia uji. Nilikua nikiyajua malengelenge kama habari njema. Yalinitoka mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo yakawa yanarudi, mara moja au mbili kwa mwaka, mahali pale pale, kushoto, kwenye mdomo wa chini. Yaliwasha, yakajaa maji, yakapasuka, yakafanya kigaga, kigaga kikadondoka. Kwetu huo ulikuwa mwisho wa ugonjwa, na mwisho wa ugonjwa hauogopwi.

Niliolewa upande wa Ushirombo, katika familia ya Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Mume wangu alikuwa amefanya kazi katika mgodi wa Geita tangu ujana, na mgodi ulipofungwa akarudi kwao kulima pamba na mahindi, akiwa na kikohozi kidogo na tabia ya kuamka kabla ya jogoo, kana kwamba king'ora bado kinamwita. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya kijiji. Tuliishi na mama yake, mjane, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. Nilimwita mayu, yaani mama, na yeye akaniita mayu vilevile, maana kwao mwanamke unayemheshimu ni mayu hata akiwa mkwe wako. Wageni walikuwa wanachanganyikiwa. Alinipenda. Naliandika hili waziwazi kwa sababu kuna miaka niliyolisahau.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa miaka ya sabini ikiwa ndiyo inaanza, katika hospitali ya misheni, mwezi wa vumbi na baridi ya asubuhi. Alikuwa mvulana. Siku ya tatu tuliruhusiwa, tukarudi nyumbani, na tangu siku ile mafua yakamkaba. Pua yake ilikuwa ndogo kama ya mwanasesere, na kamasi kidogo tu ilitosha kumzuia asinyonye. Alishika ziwa, akaliachia, akalia, akalishika tena. Mimi sikujua la kufanya. Mama mkwe akamchukua, akamlaza mapajani, akaweka mdomo wake juu ya ile pua, akavuta, akatema majivuni. Mtoto akapiga chafya, akanyonya mpaka akalala.

"Umeona, mayu?" akaniambia. "Kitambaa kitamchubua. Mdomo wa mama haumchubui mtoto."

Nikajifunza. Nikawa nafanya hivyo kila anapokabwa.

Siku ya tano homa ilinipanda. Nilitetemeka chini ya blanketi mbili, nikameza vidonge vichungu vya malaria, na homa ilipopoa nikasikia mdomo unaniwasha kushoto. Nilipotoka nje kunawa, mama mkwe aliniangalia akatabasamu. "Imetoka," akasema. "Sasa utapona." Nilipona kweli. Nikaendelea kumvuta mtoto kamasi, kwa mdomo ule ule, malengelenge yakiwa bado yana maji. Wala hakuna aliyeniambia niache, maana hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna la kuachwa.

Alipofikisha siku kumi na mbili niliona vipele vitatu karibu na jicho lake. Nilidhani ni joto la mbeleko. Kesho yake vilikuwa saba, vyenye maji, na mtoto alikuwa mzito mikononi, haamki vizuri hata kwa kunyonya. Mchana akaanza kutikisika mkono mmoja. Si sana. Kama mtu anayeota anafukuza nzi.

Mama mkwe alisema ni degedege, na mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Alitaka apelekwe kwa mama mmoja wa kijiji cha pili aliyejua mizizi yake. Mume wangu hakubishana naye. Alitoa baiskeli, akafunga mto kwenye keria, akanipandisha na mtoto kifuani, akaendesha. Mama mkwe alitufuata kwa miguu, na jioni kabla jua halijazama tulimwona anaingia lango la hospitali, kanga yake nyekundu kwa vumbi hadi magotini.

Daktari wa pale alikuwa mzungu aliyekaa nchini muda mrefu mpaka Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kisukuma. Alimvua mtoto nguo zote, akamtazama kila mahali, kichwani, kwapani, kati ya vidole. Alichukua muda. Kisha akainua uso akatuuliza sisi wawili, mimi na mama mkwe, tuliokuwa tumesimama upande wa kitanda:

"Nyumbani kwenu nani ametokwa na malengelenge mdomoni?"

Mimi nilikuwa na kigaga. Hapakuwa na haja ya kujibu. Alikitazama, akatazama chini, akaandika kitu kwenye kadi. Mama mkwe aliivuta kanga yake mpaka mdomoni, akakaa kimya. Ule ukimya wake niliubeba miaka mingi, nikiusoma vibaya.

Walimchoma mwanangu penisilini, wakamwekea maji, wakampaka dawa ya zambarau kwenye vipele. Sista mmoja alikuja na kikombe cha maji akambatiza, akampa jina tuliloliamua papo hapo. Siku nne baadaye, saa ya wagonjwa kuletewa uji, alifariki. Alikuwa na siku kumi na saba.

Nilimfuata daktari uani. Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni.

"Ni mimi?" nikamuuliza.

Aliendelea kunawa. "Mama, siwezi kusema kwa hakika. Kuna ugonjwa wa malengelenge ambao kwa mtu mzima si kitu, na kwa mtoto mchanga ni moto. Unaingia kwa kugusana. Nafikiri ndio huu. Lakini sina kipimo cha kunithibitishia, na huenda ni kitu kingine."

"Lakini unafikiri."

"Nafikiri," akasema.

Mtoto alizikwa na wanawake, nyuma ya nyumba. Watoto wadogo hivyo hawakufanyiwa matanga marefu. Siku ya tatu watu walikuwa wamerudi shambani kuchuma pamba. Mimi maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yalikuja kwa saa zake, yakalowesha blauzi. Nilirudi shuleni mapema kuliko nilivyotakiwa, na kila nikisikia mtoto wa jirani analia kupita dirishani yalitiririka mbele ya darasa, nikawa nashika daftari la mahudhurio kifuani huku nasema, "A, e, i, o, u," na watoto arobaini wananijibu.

Mume wangu aliniuliza daktari alisema nini. Nikamwambia, degedege. Aliitikia kwa kichwa, hakuuliza tena.

Mwezi haukwisha, mama mkwe alisema anakwenda kumsalimia binti yake aliyeolewa Ushetu, ambako walilima tumbaku. Alifunga nguo zake, akachukua jembe lake. Mtu anayekwenda kusalimia hachukui jembe. Nilimsindikiza mpaka njia panda, na pale alinishika mkono, hakunitazama usoni.

"Baki salama, mayu," akasema.

Nikajua ameelewa. Alimsikia daktari, akaukumbuka mdomo wangu, na sasa hawezi kula chungu kimoja na mwanamke aliyemuua mjukuu wake. Ndivyo nilivyojiambia. Hakurudi kuishi nasi tena.

Miaka miwili baadaye nikapata mimba nyingine. Watu walinipongeza, mimi nilikuwa nalala nikiwa nimeufunika mdomo kwa kiganja. Kliniki ya wajawazito walinitoa damu kama wanavyowatoa wote. Nilimngoja nesi amalize kuandika, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama damu ile itaonyesha malengelenge.

"Malengelenge ya wapi?" akauliza, na yeye hakupunguza sauti.

Benchi zima likageuka. Nikasema ya mdomoni. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mwalimu, sema ukweli ili usaidiwe. Hapa tunapima kaswende." Majibu yalipokuja hayakuonyesha kaswende, na nikawa nimebaki na kile nilichokuja nacho, na zaidi ya hapo maneno. Kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu wa darasa la kwanza ameomba kupimwa ugonjwa wa aibu.

Lakini sikuweza kutulia. Nilijiambia kwamba pengine misheni hawana kipimo, Shinyanga mjini hawawezi kukosa. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikamwambia mume wangu naitwa ofisi ya elimu, nikapanda lori la pamba mpaka Kahama, na kutoka Kahama nikapata basi. Tumbo lilikuwa la miezi sita. Nilikaa kwenye foleni ya hospitali siku nzima na nusu, nimebeba ile kadi ya mwanangu ambayo juu yake yule daktari aliandika kitu nisichoweza kukisoma.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mwembamba, Mtanzania mwenzangu, shati limemlowa mgongoni. Alikuwa ameona watu wengi siku ile. Hata hivyo alifunga mlango, akaisoma kadi yote, akaniomba nianze mwanzo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisimulia. Nilisimulia kuanzia mafua mpaka maziwa. Nilipomaliza alisema:

"Mama, kipimo hicho hatuna. Labda wanacho nchi za watu. Lakini hata tungekuwa nacho, kingekuambia tu kwamba ugonjwa huo unao mwilini, na hilo unalijua tangu darasa la tatu. Kisingekuambia uliingiaje kwa mtoto, wala kupitia kwa nani."

"Nataka kujua kama nitampa na huyu."

Akavuta kiti karibu. Maneno yake nayakumbuka yote, na hilo ndilo linaloniumiza. Alisema malengelenge yakiwa yametoka, nisimwekee mtoto mdomo, ninawe mikono kwa sabuni, kamasi nizitoe kwa kitambaa laini kilichochemshwa. Kisha akasema, "Na yakikauka kabisa, mbebe, mlaze shavuni, mchezee kama mama mwingine yeyote. Usije ukamnyima mtoto kwa sababu ya hofu. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilisikia nusu.

Niliporudi mume wangu alikuwa amekaa nje, ananoa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Alikuwa amepata habari za kliniki.

"Ulikwenda kupima nini Shinyanga?" akauliza. Alikuwa ametulia. "Kama unadhani nilileta ugonjwa kutoka Geita, niambie. Mgodini tulikuwa vijana, siwezi kusema tulikuwa mapadri. Lakini niambie mimi, usiwaambie manesi."

Pale ndipo nikaona kwamba kwa kuficha kosa langu nilikuwa nimemvika yeye. Nikamwambia yote. Aliacha kunoa. Akawa anapitisha kidole gumba kwenye makali, nikaogopa atajikata.

"Mama ndiye aliyekufundisha kumvuta kamasi," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi usimwambie. Kamwe. Atakufa."

Nikaahidi. Tuliona tunamlinda.

Binti yetu alizaliwa salama, wakati wa mvua. Kutoka Ushetu wifi yangu alikuja na kuku na kikapu cha michembe ya viazi, akasema mama anasalimia, miguu inamsumbua, atakuja akipata nafuu. Hakuja. Nilizidi kuamini nilichokiamini.

Sasa niseme nilivyomlea yule mtoto. Tangu siku ya kwanza nilijifunga kitambaa puani na mdomoni kama mtu anayepepeta mahindi. Nilimnyonyesha nikiwa nimegeuza uso ukutani. Uji wake aliupuliza baba yake. Mimi sikuupuliza wala sikuuonja. Nilikuwa na kikombe changu cha bati chenye alama ya msumari chini, na ole wake atakayekigusa. Malengelenge yakitoka nilihama kitanda. Hadi hapo labda mtu mwenye busara angenielewa. Lakini yakikauka sikurudi. Niliongeza wiki moja, kisha mwezi, kisha nikasahau kwamba kuna wakati wa kurudi. Nilimbeba mgongoni, ndiyo, maana mgongo hauna mdomo. Nilimwogesha, nilimfulia, nilimshonea. Alipoanza kutembea alikuwa anakuja mbio kama watoto wote, mikono juu, uso mbele, na mimi nilikuwa namzuia kwa kiganja kwenye paji la uso. Taratibu. Sikuwahi kumsukuma kwa nguvu. Kiganja changu kinalijua lile paji la uso kuliko kitu chochote alichonacho.

Baba yake alimrusha juu, akamdaka, akamtekenya shingoni kwa ndevu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama, nafurahi kwamba kuna mtu anaweza.

Alipofika miaka minne hivi aliacha kuja mbio. Sikumbuki siku yenyewe. Hakuna mama anayeandika siku kama hiyo, maana huijui mpaka imepita. Akawa mtoto mpole, mwenye kusimama hatua mbili kutoka kwa mtu. Wenzangu walimsifu: binti wa mwalimu ana adabu. Baada yake sikupata mtoto mwingine.

Alikuwa na miaka saba, yuko darasa langu, alipougua malaria ya nguvu. Siku tatu. Siku ya nne homa ikapoa, nikaingia na uji wake na nikauona mdomo wake. Ulikuwa umetoka malengelenge, kulia, juu. Bakuli lilinitoka mkononi.

Nilimbeba mpaka zahanati, mtoto mkubwa vile, nikiwa natweta. Mganga msaidizi aliyekuwa zamu alikuwa mtu mzima, mcheshi. Alimtazama mdomo akanitazama mimi, akadhani natania.

"Mwalimu, umemletea hiki? Nusu ya shule yako wanacho. Wanakunywa kwa kikombe kimoja cha mtungini, wanang'atiana miwa na maembe. Huyu ni mkubwa, hakitamfanya kitu. Mpe maji ya kutosha."

"Kwa hiyo angekipata tu."

"Angekipata tu. Kama si kwako, kwa jirani. Kama si mwaka huu, mwakani. Wa kulinda ni mtoto mchanga, wa wiki za mwanzo. Baada ya hapo mwili wenyewe unajua kupigana."

Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikalia mbele za watu, na mwanangu alisimama hatua mbili kutoka kwangu akinitazama, hajui alichokosea. Wiki za mwanzo. Miaka saba nilikuwa nimelinda mlango wa nyumba ambayo mwizi alishaingia kupitia mtungi wa shule, mtungi ambao mimi mwenyewe kila asubuhi niliwapangia watoto zamu ya kuujaza.

Tulipofika nyumbani nikamwita nikamkumbatia. Nilimkumbatia kweli, shavu kwa shavu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alisimama wima, mikono imenyooka pembeni, kama mtoto anayepimwa sare kwa fundi. Alingoja nimalize. Kisha akauliza kama anaweza kwenda kuwatoa mbuzi.

Nilijaribu tena, siku nyingine nyingi. Hakunikataa hata mara moja. Alikuwa ananivumilia.

Binti alipokuwa anakaribia kumaliza darasa la saba, ilikuja habari kwamba mama mkwe amelala kitandani, hali chakula, na anataka kuniona mimi. Hakumwita mwanawe, aliniita mimi. Nilikwenda Ushetu nikijua ninakwenda kulaaniwa, na niliona ni haki, nilikuwa nimechelewa kulaaniwa. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba nje, karibu na bani la kukaushia tumbaku, harufu kali imetanda uani. Ile mikono mikubwa ilikuwa imebaki mifupa. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mayu. Kaa. Nina neno limenikaa."

Wifi yangu alituachia nafasi. Mama mkwe alizungumza akitazama paa la bani.

"Yule mtoto," akasema. "Mzungu aliuliza nani ana malengelenge. Wewe ulikuwa nayo, kila mtu aliyaona. Mimi pia nilikuwa nayo, mayu. Ndani ya mdomo wa juu. Yalinitoka kabla ya wewe, ulipokuwa bado hospitali. Yalikuwa yamekauka kidogo, nikadhani yamekwisha. Wewe ukienda kuoga, ukilala mchana, mimi ndiye niliyemvuta. Nilimvuta mara nyingi kuliko wewe. Na nilinyamaza. Nikaacha wewe uangaliwe. Sikuweza kukaa mle ndani nikikuona unajikunyata kwa kosa langu, na sikuwa na moyo wa kusema. Nikachukua jembe langu."

Miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikamwambia hapana, ni mimi, malengelenge yangu yalikuwa na maji, yake yalikuwa yamekauka, daktari wa Shinyanga alisema yakikauka hayana neno. Nikamwambia mume wangu alijua yote na tulikubaliana tusimwambie ili asiumie. Hapo alifumba macho.

"Mlinificha?"

"Tulikuficha, mayu. Tulidhani tunakulinda."

"Na mimi nikajificha," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Sikumshika mtoto wa mtu yeyote tena. Hata wa binti yangu huyu. Wamezaliwa sita hapa. Nilisema nina maumivu ya mikono."

Nilimsihi aniachie lile kosa. Nilimwambia nimelizoea. Alikataa. Alisema mtoto alifia mikononi mwa bibi yake, bibi ndiye mwenye nyumba, bibi ndiye aliyefundisha. Tulibishana pale wawili, kwa sauti za chini, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake, hadi wifi akaja na maji ya kunawa tukanyamaza. Hakuna kipimo kilichokuwepo cha kutuamua. Alifariki mwezi ule ule, na mpaka mwisho hakuniachia.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba binti yangu hatakuja kunilipukia uani nikiwa mzee, wala mimi sitangoja kumwita akiwa na watoto wake ndipo nimwambie lililonikaa. Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni, jambo ambalo wasichana wachache wa kijiji chetu walilipata. Siku moja kabla ya safari tulikuwa tunapanga sanduku lake la bati: shuka mbili, sabuni, madaftari, viatu vya kwanza vyeusi. Nikamwambia akae. Nikamwambia habari za kaka yake, ambaye alimjua kama mahali tu nyuma ya nyumba tunapopita kwa heshima. Nikamwambia malengelenge, Shinyanga, kitambaa, kikombe cha msumari, kiganja. Nikamwambia kwamba sikuwahi hata siku moja kutotaka kumkumbatia, niliogopa kumuua.

Alisikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja. Kisha akasema, bila hasira, kama anayetaja jambo lililokwisha:

"Mimi nilidhani nina harufu mbaya."

Niliiweka chini shuka niliyokuwa nakunja.

"Nilikuwa najisugua kwa jiwe mtoni," akasema. "Nilimuuliza rafiki yangu aninuse kama ninanuka. Akasema hapana. Nikaona ananificha."

Nilimwomba msamaha. Nilisema neno hilo la msamaha, ambalo kwetu mzazi hamwambii mtoto, nikalirudia. Akaweka kiatu sandukuni, akakishindilia karatasi ndani kisije kikapoteza umbo.

"Nimeelewa, mama," akasema.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Najua namna mtoto anavyosema nimeelewa wakati ameelewa, na namna anavyosema ili umwache atoke.

Asubuhi baba yake alimpandisha sanduku juu ya basi. Alimwamkia baba yake, kisha akanigeukia mimi, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, akasema shikamoo mama. Nikasema marahaba. Nilinyoosha mikono, na yeye akaja, akaegemeza shavu lake kwenye bega langu, akahesabu nafikiri mpaka tatu au nne, akajitoa. Kondakta alikuwa anapiga bati. Akaingia, akapata kiti upande wa pili, upande ambao sisi hatukuweza kumwona.